Paa Lililovuja Julai

Simu ilipigwa na dada wa namba 14, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya Julai. Huo ni mwezi ambao Arusha inaamka wingu limeikalia shingoni, Meru haionekani hata nusu, na bodaboda wa Sakina wanavaa makoti mawili mawili.

"Kaka, paa lako linavuja."

"Dada, mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

"Sijui. Fundi ni wewe. Njoo uone ndoo."

Neno lililonichoma ni lile "lako". Jengo letu lina nyumba 16, ghorofa nne, nyumba nne kila ghorofa, na paa ni la wote. Lakini mwishoni mwa Mei nilikuwa nimesimamia matengenezo yake. Watu walichanga, nami nikasimama kikaoni nikasema kwa kinywa changu kwamba hapa halipiti hata tone. Ukishasema hivyo mbele za watu, paa linakuwa lako.

Walinikabidhi kazi kwa sababu moja tu: Marekani. Mimi ni mtoto wa Kibosho, lakini kupaua nilijifunzia St. Paul, jimbo la Minnesota, kuanzia 2010 hadi 2019. Theluji nilikuwa naijua ya Kibo tu, nayo kwa mbali, tukiwa shambani tunachuma kahawa. Nilifika Septemba. Jumapili ya tarehe 12 Desemba theluji ikararua paa la uwanja wa Metrodome, mji jirani wa Minneapolis. Lilikuwa paa la kitambaa lililoinuliwa na hewa. Usiku huo hakukuwa na watu, hakuna aliyeumia, lakini mimi nilitazama ile video ya theluji ikimwagika uwanjani kama unga uliopasuka gunia nikajiuliza nimekuja kutafuta nini. Mwezi uliofuata nikapata kibarua cha kwanza: kuondoa theluji juu ya mapaa.

Kikosi chetu kilikuwa cha Wameksiko na Waekwado. Neno la kamba ya usalama nililijua kwa Kihispania kabla ya kulijua kwa Kiingereza. Na kosa langu la kwanza nililifanya kwa shoka.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Kule paa la nyumba za kupangana ukuta kwa ukuta hufunikwa vigae vya lami, laini kama kadibodi nzito, vinavyopandana kama magamba ya samaki. Theluji ikilala juu yake inakuwa blanketi. Joto la ndani linapenya darini, linayeyusha theluji kutokea chini, maji yanateremka taratibu hadi ukingoni. Ukingo wa paa umetokeza nje ya ukuta, chini yake hakuna joto, basi maji yakifika pale yanaganda. Kesho yanaganda mengine juu yake. Baada ya wiki una boma la barafu ukingoni, na nyuma ya boma una bwawa. Sasa vigae vya magamba vinazuia maji yanayoteremka. Hayo ya bwawa yanapanda. Yanapenya chini ya kigae, yanaingia ukutani, na mama wa nyumba anakuta rangi ya sebule imevimba kama tumbo.

Mimi nilipanda na shoka nikalipasua lile boma. Nililipasua vizuri sana, pamoja na vigae vilivyokuwa chini yake. Msimamizi wetu, mtu wa Ekwado mwenye sauti ya kasisi, hakunigombeza. Alileta mashine ya mvuke, akaliyeyusha boma lililobaki polepole, kisha akanishika mkono akanipeleka ndani, juu ya dari, akaniwashia tochi. Kila palipopita waya wa taa palikuwa na tundu, na kwenye kila tundu ungeweka kiganja ukasikia joto linapanda. Akasema ugonjwa uko hapa, kule nje ni jipu tu.

Tukaziba matundu. Tukapuliza pamba ya karatasi zilizosagwa juu ya dari yote, unene wa kufika magotini. Tukazibua njia za hewa ukingoni na kileleni ili paa libaki na ubaridi wa nje. Kiangazi kilipofika tukarudi kuweka vigae vipya, na chini yake utando wa lami unaojibandika wenyewe, kuanzia ukingoni hadi sentimita 60 ndani ya mstari wa ukuta. Kipimo hicho kiko kwenye kanuni zao za ujenzi. Nimekisikia mara nyingi mno, nadhani nitakitaja hata nikiwa na malaria.

Hali ya hewa ya kule haina huruma. Januari 2019, miezi michache kabla sijarudi, asubuhi moja ilishuka nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa. Julai hiyohiyo ukigusa paa jeusi unaungua. Tofauti hiyo ni zaidi ya nyuzi 100. Chuma cha mita 6 kikipitia nyuzi 100 kinarefuka milimita 7 na ushee, kisha kinarudi. Hesabu hiyo niliikumbuka baadaye, Sakina.

Lakini kitu nilichotakiwa kuja nacho nyumbani, nacho nilikiacha, hakikuwa cha paa. Kilikuwa cha kikao.

Majengo mengi tuliyohudumia yalikuwa ya vyama vya wenye nyumba. Mmoja wa wenyeviti alikuwa bibi mstaafu, mfupi, mwenye faili la kijani. Ndani yake kila jengo lilikuwa na ukurasa: limepauliwa mwaka gani, kwa nini, nani alipanda, picha kabla na picha baada. Vigae vilivyoandikwa na kiwanda kwamba vitadumu miaka 30, yeye aliviandikia 20 kwa kalamu nyekundu. Kila mwezi kila nyumba ilikatwa hela ya paa, wa juu na wa chini sawasawa kwa hisa zao, paa livuje lisivuje. Sheria ya jimbo inawataka waipitie upya akiba hiyo angalau kila mwaka wa tatu. Yeye aliipitia kila mwaka. Juni 2017 ilipopita ile mvua kubwa ya mawe, madalali wa mapaa wakagonga kila mlango wakiahidi paa la bure. Bibi alifungua faili, akamwonyesha mtu wa bima picha za Aprili na picha za Juni, akamaliza.

Sisi mafundi tulimcheka. Tulimwita mama wa picha. Ukitengeneza pembe moja ya paa hashuki mtu mpaka apige picha tatu.

Nikarudi, nikanunua namba 15. Ghorofa ya juu kabisa, kwa sababu ilikuwa na bei nafuu na dirisha la jikoni linatazama Meru. Bei nafuu ingenipa maswali, hasa mimi. Haikunipa.

Paa letu ni lile la kuficha, ambalo sasa hivi kila mwenye kiwanja Njiro na Moshono analitaka. Ukiwa barabarani unaona boksi safi, huoni bati. Bati lipo, limelala nyuma ya ukuta wa juu, mteremko mdogo, na maji yake yote yanaingia kwenye mfereji wa zege uliofichwa humohumo. Paa la kawaida likizidiwa linamwaga nje, uani, unachukua ufagio. La kuficha likizidiwa linamwaga sebuleni. Sisemi ni baya. Nasema halisamehe.

Masika ya kwanza maji yaliingia kwangu, kwa 13 na kwa 14. Fundi aliyeitwa alipanda na kopo la lami, akapaka pale palipokuwa juu ya doa la dari. Wiki iliyofuata doa likahamia. Akapaka tena. Alipaka mpaka paa likawa na madoa kama duma, na kila mara alilipwa.

Ilibidi nipande mwenyewe, na hapo tukagundua hakuna anayejua ufunguo wa mlango wa juu uko kwa nani. Mlinzi alisema uko kwa mjenzi. Mjenzi alishauza nyumba zote na simu yake haikupatikana. Tukavunja kufuli.

Kule juu nilihesabu madishi 9, matatu ya watu waliokwishahama. Kila dishi lilifungwa kwa kutoboa bati, tena bondeni, mahali maji yanapopita, wala si mgongoni. Misumari ya bati ilikuwa imechomoka nusu. Hapa ndipo hesabu ya St. Paul ilirudi: bati la mita 6, alfajiri nyuzi 12, mchana wa jua nyuzi 50 na kitu, linarefuka na kurudi karibu milimita 3 kila siku. Msumari hauwezi kugombana na milimita 3 kwa miaka sita. Unachoka, unainuka, na tundu lake linapanuka.

Ila ugonjwa mkubwa ulikuwa mfereji. Kila upande wa paa una mita za mraba 150. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Masika yakikupa milimita 50 kwa saa, na Arusha anaweza kukupa hizo kabla hujaanua nguo, upande mmoja unapokea lita 7,500. Ni lita 125 kila dakika, ndoo kubwa sita na ziada, zote zipite kwenye tobo moja la inchi 2 lenye kona mbili. Na ndani ya tobo, nilipochokonoa kwa waya, nikatoa majani ya mjakaranda, mfuko wa maziwa, na soksi ya mtoto. Soksi hiyo hadi leo hatujampata mwenyewe.

Basi tukaitisha kikao. Mzee wa namba 3, mstaafu wa reli, akakaa kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mimi naishi chini. Juu yangu kuna nyumba tatu ndipo lije hilo paa lenu. Linanihusu nini?"

Nikamjibu kisheria. Nikataja sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu za majengo, kwamba paa, ngazi na kuta za nje ni mali ya pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akasema, "Sawa. Na mimi nimekuuliza linanihusu nini." Wa ghorofa ya kwanza wakacheka. Walichanga walio juu na wachache wenye haya. Mzee hakutoa.

Tukafanya kazi. Mabomba mapya ya inchi 4, mawili kila upande. Mfereji ukapigwa utando wa lami kwa moto na kupandishwa ukutani. Matobo ya dharura tukayatoboa kwenye ukuta wa juu, chini kidogo ya ukingo wa bati, ili mfereji ukiziba maji yatoke nje watu wayaone. Misumari tukaing'oa tukaweka skrubu zenye mpira, madishi tukayahamishia ukutani. Kwa hayo yote sina la kujutia.

Kisha nikaongeza langu. Kwenye kuta mbili za pembeni kulikuwa na tofali za matundu, na popo walikuwa wanaingia humo darini. Dada wa 14 alikuwa analalamikia harufu. Mimi, fundi wa Minnesota, nikaona matundu hayo ni njia ya popo, ya upepo na ya mvua ya kusukumwa. Nikachanganya ndoo moja ya simenti nikayafunga yote, tena kwa mikono yangu. Nikashuka, nikatangaza hilo la halipiti hata tone.

Ndiyo Julai ikafika.

Kwa dada wa 14 ndoo ilikuwa na maji ya kina cha vidole viwili. Dari la jipsamu lilikuwa limelegea katikati. Nikapanda juu ya bati: kavu, umande tu. Mfereji mkavu. Nikachungulia skrubu moja moja, nikiwa nimepiga magoti kama niko kanisani. Hakuna kitu. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu 13 nao wakapiga simu. Kwenye grupu la WhatsApp mtu akaandika, "Hela yetu imekwenda wapi?" Hakuandika jina langu. Hakukuwa na haja.

Usiku wa nne sikulala. Saa kumi na moja alfajiri nikachukua ngazi, nikafungua tundu la dari langu, nikapanda nikiwa na tochi.

Upande wa chini wa bati ulikuwa unang'aa. Nilidhani ni rangi. Nikasogeza tochi: ni matone. Maelfu, madogo, yamepangana kama shanga. Nikagusa moja kwa kidole, likaungana na jirani yake, wakateremka pamoja hadi kwenye papi, ubao unaopigiliwa bati, wakadondoka. Tap. Na kwa mbali, upande wa 14, nikasikia tap nyingine, na nyingine. Hewa ilikuwa ya joto, nzito, na ilinukia sabuni ya kuogea.

Sabuni ndiyo iliyoniamsha. Nilikuwa nimeshawahi kusimama mahali kama pale. Februari moja huko St. Paul tuliitwa nyumba iliyovuja siku ya jua, theluji haijayeyuka. Darini kila ncha ya msumari ilikuwa imeota barafu nyeupe kama uyoga. Mashine ya kutoa mvuke wa bafu ilikuwa imeunganishwa bomba linaloishia palepale darini badala ya kutoka nje. Wiki nzima mvuke wa watu wanaooga ulipanda, ukaganda kwenye misumari. Siku ilipopata joto kidogo, yote ikayeyuka kwa mkupuo, ikanyesha ndani. Tuliipa jina, mvua ya darini. Nilifanya kazi hiyo kwa mikono hii.

Nikatambaa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kufuata harufu. Katikati ya jengo kuna shimo la hewa la mabafu, linatoka chini hadi juu, kwa sababu mabafu yetu yote yamekaa ndani hayana dirisha. Mjenzi alilipandisha ghorofa zote nne vizuri kabisa, halafu akaliachia chini ya bati. Hakulitoboza nje. Miaka yote hiyo mvuke wa nyumba 16, kila moja na hita yake, ulikuwa unaingia darini na kutokea kwenye tofali za matundu. Popo waliishi kwenye bomba la moshi. Mimi nikaziba bomba. Usiku wa Julai bati linapoa kushinda hewa, mvuke ukigusa bati ubaridi ule unageuka maji.

Nilikaa pale juu ya kenchi mpaka kukapambazuka. Kuna aina ya aibu unayoimeza ukiwa peke yako na tochi, na hiyo bado ni nyepesi. Nzito ni ile ya saa kumi jioni, mbele ya kikao.

Niliwaambia kama ilivyo. Tofali niliziba mimi, gharama ya kuzizibua na dari la dada wa 14 ni yangu. Kimya. Halafu nikamgeukia mzee wa namba 3.

"Mzee, wewe unaoga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Maji ya moto. Magoti yangu haya."

"Basi yale maji yanayomdondokea dada alfajiri, mengine yametoka bafuni kwako."

Akanitazama. Akamtazama dada wa 14. Fimbo ikagonga sakafu mara moja. "Mimi namnyeshea huyu binti?"

"Wote tunamnyeshea, mzee."

Dada akasema, "Shikamoo baba," na watu wakacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Baada ya hapo sikuhitaji kutaja sheria yoyote. Tulikubaliana shilingi 20,000 kwa mwezi kila nyumba, juu na chini, akaunti yake peke yake, sahihi tatu, haiguswi kwa taka wala kwa mlinzi. Hela ya kutoboza shimo la hewa nje, kuliwekea kofia na kuziba vizuri pale linapopenya bati, ilipatikana ndani ya wiki mbili. Matundu ya pembeni nilizibua mwenyewe kwa patasi, simenti yangu ilikuwa imeshika kweli, nikayawekea wavu mgumu wa macho madogo. Popo wakahama. Wengine wanasema wamehamia jengo la jirani, sijauliza.

Faili nalo nilinunua, la kijani, duka la vifaa vya ofisi karibu na mnara wa saa. Sikulinunua la kijani kwa bahati mbaya. Ukurasa wa kwanza una picha ya tofali nilizoziba, na tarehe.

Ufunguo wa mlango wa juu kikao kilimpa mzee wa namba 3, kwa hoja kwamba hatoki sana. Ameutia kamba ya kijani na ana daftari la mistari lenye safu nne: jina, saa ya kupanda, saa ya kushuka, umekwenda kufanya nini. Fundi wa madishi alikuja akajaribu kumbembeleza, akarudi alikotoka. Majani ya mjakaranda yanazolewa Novemba, na kabla ya Machi tunafagia tena.

Juzi mvua za vuli zilipoanza nilishuka kwake mbio, kichwa kimelowa, maana nilitaka kuona mabomba mapya yanavyomeza.

"Shikamoo mzee, naomba ufunguo."

"Marahaba. Andika."

"Mzee, mvua itakwisha."

Akasukuma kalamu.

"Andika kwanza."